Maksi zilizopotea na ujumbe wa saa nne usiku

Muhula ukikaribia kwisha, ofisi yetu ya ushauri nasaha hujaa wasichana wenye shida moja: maksi hazionekani. Mtihani ameufanya, sahihi yake imo kwenye orodha, lakini penye matokeo pana pengo. Mara nyingi ni uzembe tu wa makarani. Ila kuna yule anayeulizia maksi halafu akanyamaza. Nikimwachia kimya chake, hutoa simu akanionyesha ujumbe wa mwalimu: "Njoo tuyazungumze, lakini si ofisini." Umetumwa saa nne usiku.

Hapo hakuna aliyeshikwa wala nguo iliyochanika, ndiyo maana binti hujiuliza kama ana la kulalamikia. Analo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya 2006, kifungu cha 23, inamhusu mwenye mamlaka anayeendelea kumtaka mtu kimapenzi ilhali anajua, au ana sababu ya kujua, kwamba hatakiwi, hadi masomo au kazi ya mtu huyo ikaathirika. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili.

Neno la kushika ni hilo "anayeendelea". Mahakama itataka kuona kwamba jambo lilirudiwa, na kwamba mhusika alijua. Msichana wa kwetu amelelewa kukataa kwa haya: hucheka kidogo, husema "nitaangalia, mwalimu", kisha hufuta ujumbe mamake asije akauona. Namwelewa, na hata akinyamaza kosa si lake. Lakini ushahidi unakwenda na ule ujumbe. Basi mjibu mara moja, kwa maandishi: "Mwalimu, naomba tuonane ofisini saa za kazi, kuhusu maksi peke yake. Hayo mengine siyataki." Adabu ipo, na jibu limetoka. Piga skrinishoti, mtumie mtu unayemwamini, andika tarehe, mahali na aliyekuwapo.

Wanaokwenda atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, iwe ni hoteli za ufuoni au ofisi za mizigo, waulize siku ya kwanza sera ya kupinga unyanyasaji wa kingono iko wapi. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe nayo. Ukiiuliza, msimamizi naye anajua kwamba unajua.

Kwa wazazi nina neno. Habari ikifika nyumbani, sisi watu wa Pwani ni wepesi wa kufunika kombe mwanaharamu apite. Wazee hukaa kitako, mtu huomba radhi, na muhula unaofuata yuko darasani na mabinti wengine. Nimeyaona zaidi ya mara moja. Mjue kwamba malalamiko ya kosa la kingono yakishafika polisi, si familia inayoamua kuyafuta.

Na ikiwa mambo yamepita maneno, binti amebakwa, hospitali ndiyo ya kwanza, hata kabla ya kituo cha polisi. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, na matibabu hayo katika hospitali za umma ni bure. Dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, tena mapema ndiyo bora. Najua hamu ya kwanza ni kuoga. Ukiweza, usioge, wala usifue leso wala nguo ya ndani. Zitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, uende nazo. Ukikosa wa kumwambia, piga 1195, simu ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia, haina malipo.

Tukirudi kwenye maksi: barua ya kuzidai huandikiwa mkuu wa idara, nakala kwa ofisi ya mitihani. Haipitii mikononi mwa mwalimu yuleyule, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ubaki nayo wewe.