"Unga wa serikali" na mengine tunayoambiana kuhusu methadoni

Mdogo wangu alipofikisha miezi minne kliniki akinywa methadoni, dawa ya kuwatibu waliozoea heroini, alikuwa amenenepa, analala nyumbani, na simu za watu hazipotei tena. Bado kila Ijumaa shangazi yetu alimwuliza, "Hiyo nayo unaiacha lini, mwanangu?" Aliuliza kwa mapenzi, na mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa. Sote tulikuwa tumekosea, na kukosea kwenyewe kungeweza kumwua.

"Ametoka kwenye kete, ameingia kwenye unga wa serikali"

Hili ndilo linalosemwa zaidi mtaani, na lina chembe ya kweli. Methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini, ule unga unaouzwa kwa kete. Mwili huizoea, na ikichanganywa na pombe au vidonge vya usingizi inaweza kuzima pumzi. Hakuna sababu ya kuficha hayo.

Tofauti iko katika mwendo wake. Unga unaodungwa hufika kichwani kwa sekunde, na baada ya saa chache arosto inaingia: makamasi, mifupa kuuma, tumbo kukata, kuharisha. Hapo mtu hatafuti raha tena, anatafuta kupona kwa saa chache zijazo, na pesa ya kete lazima ipatikane mara tatu au nne kwa siku. Methadoni inanywewa. Hupanda taratibu na kukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Kipimo kikishapatiwa, mtu halewi wala haugui. Anakunywa mara moja, mbele ya mtoa dawa dirishani, kisha anakwenda kubeba zege, kuuza samaki au kumpeleka mtoto shule. Tangu mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa tiba hii.

"Miezi sita inamtosha, sasa aachishwe"

Hapa naomba tutulie, kwa sababu ndipo familia zenye nia njema zinapoangamiza watu wao.

Mwili wa aliyetumia unga kwa miaka hujijengea ustahimilivu. Dozi inayoweza kumwua mgeni, yeye inamtuliza tu. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia chochote, ustahimilivu huo unaporomoka. Hamu haiporomoki nao. Siku atakaporudi maskani, atapima kwa mazoea ya zamani, na kiasi kilekile alichokimudu mwaka jana kitasimamisha pumzi yake. Kuna dawa ya kumrudisha mtu aliyezidisha, inaitwa naloksoni, lakini lazima iwepo karibu, na awepo mtu wa kumchoma.

Ndiyo maana wanaoachishwa methadoni mapema wamo hatarini zaidi kuliko walivyokuwa wakiinywa. Ndiyo maana pia wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ni za kuogopwa sana. Tunasema "jela imemnyoosha" kwa kuwa amerudi na uso msafi. Mwili umesafika kweli, na kwa mtu atakayerudia unga huo usafi ndio mtego wenyewe. Soba hausi, zile nyumba za kukaa mtu akiacha dawa za kulevya, nazo zimesaidia wengi, Unguja hasa, na sizibezi. Ila anayetoka huko bila mpango wa kuendelea kuhudumiwa anatoka na hatari ileile.

Inywewe kwa muda gani, basi? Kwa wengi ni miaka. Kupunguza hufanywa polepole, mwenyewe akiwa tayari, na daktari akipima. Tumekubali kwamba mwenye kisukari anachoma insulini bila kuulizwa kila Ijumaa ataiacha lini.

"Serikali inajua kukamata tu"

Si kweli, na Tanzania inastahili sifa yake hapa. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, kisha mikoani. Zanzibar huduma ipo Kidongo Chekundu. Kenya ilianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, halafu ikashuka pwani, Malindi na Mombasa. Msukumo mkubwa ulikuwa UKIMWI: makadirio ya taifa ya miaka ya 2010 yalionyesha kwamba takriban thuluthi ya wanaojidunga Tanzania walikuwa na VVU, wakati kwa watu wazima kwa jumla ilikuwa karibu asilimia 5. Kuchangia sindano ndiko kulikofanya hivyo.

Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, imepewa pande zote: kupunguza upatikanaji wa dawa, kupunguza uhitaji, na kupunguza madhara. Tatizo ni kwamba pande hizo hazijuani vizuri. Mtu anayetakiwa dirishani kila siku, sikukuu ikiwemo, akizolewa kwenye msako akalala mahabusu siku tatu, amekosa dozi tatu. Akirudi hawezi kupewa kipimo chake cha awali, lazima kishushwe kwa usalama wake, na arosto inamkuta njiani. Kwangu hilo ni jambo la kupangwa kati ya kituo cha polisi na kliniki, halihitaji hata sheria mpya.

"Kichwa kimeharibika kwa kujitakia"

Mara nyingi mambo hutangulia kinyume. Wapo waliovutia unga juu ya huzuni kubwa, juu ya kubakwa utotoni, juu ya sauti wanazozisikia peke yao. Ukimtibu unga ukaiacha sonona, umefanya nusu ya kazi.

Na hofu ya sheria inaingia hata hapa, pale huzuni inapomfikisha mtu kutaka kujiua. Kenya ilirekebisha Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ikatamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Kwetu Tanzania Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 217 chenye maneno ya aina hiyohiyo, urithi wa mkoloni. Nimekaa kwenye benchi la mapokezi usiku pamoja na mama aliyemleta mwanawe aliyekunywa sumu ya panya. Nesi alipouliza, mama alisema kijana amekula chakula kibaya. Akatibiwa tumbo. Asubuhi wakaruhusiwa, na hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza yule kijana neno lolote.