Lambo la Umwagiliaji: Yanayosemwa na Yalivyo

"Tuta likiwa nene, lambo liko salama." Dhana hii ndiyo inayoponza wengi. Fedha zote huishia kwenye tuta, utoro, yaani njia ya kumwagia maji ya ziada, ukachimbwa mwishoni harakaharaka, kama unachimbwa kabisa. Lakini tuta la udongo, hata likiwa nene vipi, halivumilii maji kupita juu yake. Yakishavuka kilele huchimba mteremko wa nyuma, na baada ya saa chache panabaki pengo. Kwa hiyo utoro hukadiriwa kwa mafuriko makubwa, si kwa mvua ya kawaida, na hupitishwa pembeni kwenye ardhi ya asili, sakafu yake ikiwa kama mita 1 chini ya kilele. Kuuziba kwa magunia ya mchanga ili kubakiza maji zaidi ni kutafuta balaa. Kuutega wavu samaki wasitoroke, vilevile. Bwawa la udongo la South Fork, Pennsylvania, Marekani, lilikuwa na vyuma vya kuzuia samaki kwenye utoro wake, na kilele chake kilikuwa kimeshushwa. Mvua kubwa ikaja, vyuma vikanasa takataka, na tarehe 31 Mei 1889 tuta likavunjika. Watu zaidi ya 2,200 walikufa.

"Mfinyanzi mtupu ndio udongo bora." Mfinyanzi mtupu hupasuka ukikauka na kuvimba ukilowa. Asilimia 20 hadi 30 ya mfinyanzi, uliochanganyika na mchanga, inatosha. Kazi kubwa iko kwenye kushindilia: tabaka la sentimita 15 hadi 20 kwa wakati mmoja, udongo ukiwa na unyevu wa kushikamana kiganjani. Kupitisha trekta juu ya rundo la mita nzima ni kujidanganya. Juu patakuwa pagumu, chini pamelegea, na maji yatapatafuta hapo, hasa kandokando ya bomba la kutolea maji.

"Maji yakivuja nyuma ya tuta, lambo limekwisha." Si lazima. Tuta la udongo huvuja kidogo. Tazama rangi: yakiwa maangavu na kiasi hakibadiliki, endelea kuyapima kwa ndoo. Yakitoka na tope, au yakiongezeka ilhali kina cha lambo hakijapanda, udongo unabebwa kutoka ndani. Hapo waondoe watu walio bondeni, anza kupunguza maji, na mwite mhandisi.

"Miti hushika tuta." Nyasi ndizo zinazoshika. Mti ukifa, mizizi huoza na kuyaachia maji njia.

"Lambo pana ndilo lenye maji mengi." Penye joto na ukavu, milimita 6 za maji zinaweza kukauka kwa siku. Kwenye hekta 1 ya uso wa maji, hizo ni mita za ujazo 60, wakati hekta 1 ya mazao inayohitaji milimita 5 hutumia 50 tu. Jua linaweza kunywa kuliko shamba! Kwa ujazo uleule, lambo lenye kina na uso mdogo hupoteza kidogo. Ukikokotoa eneo la kumwagilia, toa kwanza fungu la jua, kisha yale yanayobaki chini ya mdomo wa bomba pamoja na tope.