RPG za zamani zichezewe wapi? Dhana tulizozizoea na ukweli wake

Mpwa wangu alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi akiwa ndani ya duka la kompyuta, Luthuli Avenue, Nairobi. "Anko, habari ya asubuhi. Nijibu haraka, huyu jamaa anasema kwa hizo gemu zako za zamani lazima nichukue mashine yenye kadi ya picha ya giga nane. Nilipe nusu sasa?"

Gemu aliyokuwa akiitaka ni Baldur's Gate ya kwanza, RPG (gemu ya kuongoza mashujaa ndani ya hadithi) ya mwaka 1998. Ilipotoka, kiwango cha chini ilichodai ni Pentium ya megahezi 166 na RAM ya megabaiti 16. Simu aliyokuwa ameishika sikioni ina RAM ya giga nne, yaani mara 256 ya hiyo. Nikamwambia atoke humo dukani, atafute chai, kisha tuongee.

Tuliongea karibu saa nzima, na nikagundua kuwa nusu ya mambo aliyokuwa akiyaamini niliwahi kuyaamini mimi pia. Watu huanza kwa kuuliza wanunue mashine gani. Kwa RPG za zamani, swali la kwanza ni toleo gani la gemu unalolitaka, kwa sababu gemu hiyohiyo ilitengenezewa mashine tano au sita tofauti, na hayo matoleo si pacha.

"Lazima uwe na kompyuta ya gemu, ile ya taa za rangi"

Hapana. Laptopu ya ofisini iliyotumika, zile zinazoitwa ex-UK ambazo zimejaa Moi Avenue, inacheza karibu kila RPG iliyotoka kati ya 1981 na 2003 bila kutoa jasho. Ultima, Wizardry, Might and Magic, Fallout, Planescape: Torment, Arcanum, zote zinapita. Stima ikipotea, una saa zako mbili tatu za betri, jambo ambalo yule mwenye mnara wa taa za rangi hana.

Kitu ambacho muuzaji hatakuambia, kwa sababu hakijui, ni kibodi. Mimi nilinunua laptopu ndogo ya inchi 12 nikijiona mjanja, nyepesi, inaingia kwenye mkoba hata kwenye matatu. Nikaweka Pool of Radiance ya 1988. Kwenye gemu ile vita huchezwa kwa zamu, juu ya uwanja wa miraba, na shujaa wako anaweza kwenda pande nane. Pande nne unazipata kwa mishale ya kibodi. Hizo nne za kukata kona ziko kwenye ule mpangilio wa namba ulioko kulia mwa kibodi kubwa: 7, 9, 1 na 3. Laptopu yangu haikuwa nao. Mchawi wangu akawa anazunguka kama mtu anayetafuta stendi mpya ya matatu baada ya ile ya zamani kuhamishwa, na huku majoka yanamla. Nilivumilia siku mbili, nikaenda kununua kibodi ya namba ya USB kwa shilingi 800. Ukiwa dukani, basi, achana na kadi ya picha. Angalia upande wa kulia wa kibodi.

"Gemu ya zamani hunoga kwenye mashine ya zamani"

Hii ina ukweli ndani yake, ndiyo maana haifi. Ile skrini nzito ya kioo ilikuwa ikilainisha piseli, na wachoraji walichora wakijua hivyo. Lakini ukweli wa Nairobi ni kwamba Amiga au Apple II, kompyuta za enzi hizo, inayofanya kazi hutaipata River Road, na hata ukiagiza moja kutoka Uingereza, utakuwa umejinunulia kazi ya pili: kapasita zinazovuja, diski zilizoota ukungu, umeme unaoruka. Kama unapenda kuchomelea saketi, sawa. Kama unataka kucheza, hapana.

Kinachotumika ni emyuleta, programu inayojifanya mashine ya zamani ili gemu isijue kuwa miaka imepita. Kwa gemu za DOS, mfumo ulioendesha PC kabla ya Windows, iko DOSBox, ambayo ni ya bure na imekuwepo tangu 2002. Huwezi kuikwepa kwa sababu Windows ya biti 64, ambayo ndiyo iko kwenye laptopu karibu zote leo, haiendeshi kabisa programu za biti 16, za kizazi cha zamani. Mimi nilikuwa na CD ya enzi za saiba, gemu ya Windows 95. Gemu yenyewe ilikuwa ya biti 32 na ingekubali, ila programu ya kuisakinisha ilikuwa ya biti 16. Ikagoma mlangoni. Nilikaa wiki nikidhani CD imekwaruzika.

Kuna vitu viwili ambavyo wengi hawavigusi kwenye DOSBox, halafu wanasema emyuleta ni mbaya. Cha kwanza ni kasi. Gemu nyingi za zamani zilipima muda kwa mwendo wa prosesa, kwa hiyo kwenye mashine ya leo watu wanakimbia kama wameiba. Ultima VII ya 1992 inajulikana kwa ugonjwa huo. Bonyeza Ctrl na F11 kupunguza mwendo, Ctrl na F12 kuongeza, mpaka watu watembee kama watu. Cha pili ni umbo la picha. Gemu za wakati ule zilichorwa kwa piseli 320 kwa 200, lakini skrini zenyewe zilikuwa za uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo kila piseli ilivutwa juu kidogo. Ukiiacha bila kurekebisha, nyuso zote zinabonyea kama zimekaliwa. Ndani ya faili la mipangilio tafuta neno "aspect", uliweke "true". Kazi ya dakika moja, na nyuso zinarudi kuwa nyuso.

"Toleo la DOS ndilo baba lao"

Hapa ndipo mimi na marafiki zangu hukosana, kwa sababu sisi wengi tulikutana na gemu hizi kwenye PC, basi tunadhani zilizaliwa huko. Nyingi hazikuzaliwa huko. Richard Garriott aliziandika Ultima za mwanzo kwenye Apple II, na PC ilipewa nakala baadaye. Chukua Ultima V ya 1988. Kwenye Apple II yenye kadi ya sauti ya Mockingboard, gemu ina muziki. Kwenye DOS, kimya. Mtu anacheza toleo la DOS saa arobaini akidhani ukimya ule ni wa makusudi, eti ndio huzuni ya ufalme uliotekwa. (Niliwahi kulisema hilo mbele za watu, kwa kujiamini kabisa.) Baadaye mashabiki walitengeneza kiraka cha kuurudisha muziki kwenye toleo la DOS, na mimi sasa siichezi bila hicho.

Dungeon Master ilitoka 1987 kwenye Atari ST, kompyuta nyingine ya enzi hizo, na PC ikasubiri mpaka 1992. Iliyofuata, Chaos Strikes Back, haikutolewa rasmi kwa DOS kabisa. Ukishikilia PC peke yake, hiyo imekupita.

Mambo yaligeuka mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kadi za picha za VGA, zilizokuja 1987 na rangi 256, zilikuwa zimeenea, na kadi za sauti pia. Ultima VI ya 1990 ndiyo ya kwanza katika mfululizo ule kutengenezwa PC ikiwa mbele, na Apple II ikaachwa nje. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata mimi, na si sheria, ni hii: kabla ya 1990, uliza gemu ilizaliwa wapi, baada ya hapo, chukua ya PC na usihangaike.

Na kuna wakati jibu si emyuleta yoyote. Exult ni injini mpya iliyoandikwa na mashabiki kwa ajili ya Ultima VII. Unaipa mafaili ya gemu halisi, yenyewe inaiendesha kwenye Windows, Mac au Linux, bila ule ugomvi wa memori ambao ulitutoa machozi enzi za DOS. Morrowind ya 2002 ina OpenMW kwa mtindo huohuo.

"Konsoli ni konsoli, gemu ni gemu"

Huku mitaani base za gemu, vile vibanda vya kulipia kucheza, ni za mpira wa miguu, na ukimwambia mwenye base akuwekee Planescape atakuangalia mara mbili. Konsoli za leo, yaani mashine za kuchezea gemu tu, zinazo baadhi ya hizi gemu. Baldur's Gate iliyoboreshwa iliingia Switch, konsoli ya Nintendo, mwaka 2019 na inachezeka. Ila konsoli za zamani ni hadithi nyingine. Ultima VII ilipelekwa Super Nintendo mwaka 1994. Kwenye PC unatembea na kundi zima la wenzako, wanaolalamika njaa na kugombana njiani. Kwenye Super Nintendo uko peke yako. Jina ni lile, ramani inafanana kidogo, gemu haiko.

"Simu haiwezi", "Simu inatosha"

Dhana mbili zinazopingana, na nimezisikia kutoka kinywa kimoja. Simu inaweza. Matoleo yaliyoboreshwa ya Baldur's Gate, Icewind Dale na Planescape: Torment yapo kwa Android na iPhone. Na kwa vile vita vyake unaweza kuvisimamisha, ukatoa amri, kisha ukaviachilia, kidole kinafaa kuliko unavyofikiri. Foleni ya Thika Road ikishikana, nusu ya pango inaisha.

Lakini Planescape ni gemu ya kusoma. Ina maandishi ya kujaza vitabu kadhaa, na kuyasoma kwenye skrini ya inchi sita usiku ni kuyatafutia macho miwani. Tableti, sawa. Na gemu za DOS kwenye simu sizipendekezi kwa mtu yeyote, kwa sababu kibodi ya kuchorwa inafunika nusu ya picha.

"Mwongozo? Nani anasoma mwongozo?"

Pool of Radiance ilikuja na kijitabu. Diski za wakati ule zilikuwa na nafasi finyu, basi hadithi nyingi ikachapishwa kwenye karatasi. Unaingia chumbani, skrini inakuambia usome ingizo namba fulani kwenye kijitabu, na huko ndiko kuna barua, ramani au uvumi. Baadhi ya uvumi ule ni wa uongo uliowekwa makusudi ili kumtega anayesoma mbele. Wasteland, ya 1988 pia, ilifanya vivyo hivyo kwa aya zake. Mtu akipakua gemu bila kijitabu amepakua nusu, halafu analalamika kuwa haina hadithi.

Hapo ndipo simu inapata kazi yake halisi: iweke kando ya laptopu, kijitabu cha PDF kikiwa kimefunguliwa. Na uongeze daftari la hesabu la miraba, lile la watoto wa shule. Kila ngazi ya shimo la Wizardry ya kwanza ni miraba 20 kwa 20, na ngazi ni kumi. Ukurasa mmoja, ngazi moja, penseli na kifutio. Kuna sehemu za giza, na sehemu zinazokugeuza bila kukuambia, na bila ramani yako mwenyewe utakufa humo ukiwa hatua tatu kutoka kwenye ngazi ya kupandia.

"Ni za zamani, kwa hiyo ni za bure"

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, na hata ukipiga hesabu fupi ya miaka 50 tangu kutoka, gemu ya 1981 haijafika. Zilizo za bure ni zile ambazo wenyewe wamezitoa: Daggerfall ya 1996 ilitolewa bure na kampuni yake, Bethesda, mwaka 2009, na Ultima IV inapatikana bure kwenye GOG, duka la gemu la mtandaoni. Nyingine utalipa, na mara nyingi ni pesa kidogo. Hapo GOG zile za DOS zinakuja zikiwa zimefungashwa na DOSBox tayari, vijitabu vya PDF vikiwamo, na bila kufuli linalodai intaneti kila ukicheza, jambo zuri kwa mtu anayenunua bundles za siku.

Mpwa wangu alilipa kwa kadi pepe ya Visa inayotolewa kupitia M-Pesa, akatumia laptopu yake ileile ya chuo. Hela za mashine bado anazo. Tulipoongea mara ya mwisho alikuwa ametoka Candlekeep, mahali gemu inapoanzia, na alikuwa ameshauawa na mbwa mwitu mara nne. "Anko, hii gemu ina hitilafu," akaniambia. Haina.