Spitfire ya Siku Ipi? Kuunda na Kupaka Rangi Mfano wa Ndege ya Vita

Karakanani kwetu, nyuma ya ukumbi wa maonyesho wa makumbusho, kuna meza ambayo watu huniwekea mifano yao ya ndege za vita ili niwape maoni. Kuna anayeileta imefungwa kwa pamba kama yai, kuna anayeibeba ndani ya boksi la viatu. Kabla sijagusia gundi wala rangi huuliza: hii ni ndege ipi, na hapa ni siku gani? Wengi hushangaa. "Si Spitfire tu," hunijibu.

Spitfire tu haipo. Ndege hiyo, aliyoisanifu R. J. Mitchell wa kampuni ya Supermarine ya Uingereza, iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, na uundaji wake ulipokoma mwaka 1948 zilikuwa zimetoka zaidi ya 20,000. Humo katikati ilibadilishwa injini, propela, mabawa, bunduki, mkia na rangi, mara nyingine ndani ya miezi michache. Anayefungua boksi la vipande na kuanza kugundisha bila kuamua anaunda ndege ya siku gani, mwisho hupata ndege yenye pua ya mwaka mmoja na mkia wa mwaka mwingine. Itapendeza kabatini, lakini haijawahi kuruka popote.

Tuchukue mfano wa Spitfire Mk I, yaani toleo la kwanza, ya kiangazi cha 1940, wakati wa mapigano ya angani juu ya Uingereza. Mwezi Mei mwaka huo ubavuni, duara la utambulisho la nyekundu, nyeupe na bluu liliongezwa pete ya njano kwa nje, na mkia uliosimama ukapata milia mitatu ya nyekundu, nyeupe na bluu. Mwezi Juni ikaja amri ya kupaka tumbo la ndege za mapigano rangi iliyoitwa Sky. Kabla ya hapo nyingi zilikuwa na tumbo nusu jeusi, nusu jeupe. Mwishoni mwa Novemba ukaongezwa mkanda wa Sky kuzunguka mwili karibu na mkia, na kofia ya propela ikapakwa rangi hiyohiyo. Kwa hiyo ukiniletea ndege unayosema ni ya Agosti 1940, na mkanda huo upo, nitajua uliitazama picha ya boksi kuliko ulivyoitazama picha ya ndege.

Ndiyo maana kazi yenyewe huanza na picha. Tafuta picha moja ya zamani ya ndege moja, yenye namba yake inayosomeka na tarehe inayojulikana, uibandike ukutani mbele ya meza. Itazame kila siku mpaka uanze kuona vitu ambavyo siku ya kwanza hukuviona: kiraka kwenye bawa, herufi iliyopakwa upya, tope kwenye gurudumu.

Hata hivyo picha za zamani zina hila zake. Baadhi ya filamu nyeusi na nyeupe za enzi hizo hazikuhisi mwanga mwekundu. Katika filamu hizo nyekundu hutoka nyeusi, njano hutoka giza, na bluu hutoka nyepesi hata kukaribia nyeupe. Nimeona watu wazima wakibishana kwamba ndege fulani haikuwa na pete ya njano, kumbe pete ipo palepale, ila filamu imeifanya ifanane na rangi ya mwili. Ukitaka kujua ni filamu ya aina gani, tazama duara lenyewe: bluu ikiwa nyepesi kuliko nyekundu, basi usiamini wepesi wala giza la rangi nyingine yoyote katika picha hiyo.

Na ndege halisi zilizohifadhiwa? Nenda ukazione kila upatapo nafasi. Spitfire yenye namba R6915, iliyopigana mwaka 1940, inaning'inia katika Imperial War Museum mjini London, na umbo lake litakufundisha zaidi ya mchoro wowote. Umbo, nasema. Ndege za makumbusho hupakwa rangi upya vizazi kwa vizazi, na rangi unayoiona leo ni uamuzi wa fundi fulani, kama huo utakaoufanya wewe.

Kipimo cha mfano kinachotumika sana ni 1 kwa 72, yaani sentimita moja ya mfano ni sentimita 72 za ndege halisi. Kilitokana na hesabu ya Waingereza ya inchi moja kwa futi sita. Spitfire yenye upana wa mita 11.23 toka ncha ya bawa hadi ncha inakuwa sentimita 15.6. Kwa 1 kwa 48 inafika sentimita 23.4, na kwa 1 kwa 32 sentimita 35. Vita vilikipa kipimo cha 1 kwa 72 kazi nzito: mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule kuchonga mifano ya mbao nusu milioni, ipakwe nyeusi, ili askari wajifunze kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui. Mfano wa kipimo hicho ukiutazama kutoka mita 10 unaonekana kama ndege yenyewe ikiwa mita 720. Hesabu hiyo iweke kichwani, tutairudia kwenye rangi.

Kuunda kwenyewe hakuna siri kubwa, kunataka subira. Osha fremu za plastiki kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana hubaki na mafuta ya kiwandani yanayokataa rangi. Kata vipande kwa plasi kali mbali kidogo na kipande chenyewe, kisha punguza kinundu kwa kisu na msasa. Unganisha kwanza bila gundi. Gundi ya majimaji ya plastiki haibandiki kama gundi ya karatasi. Inayeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja, kwa hiyo ukikosea, umekosea. Kutanisha vipande, gusisha ncha ya brashi yenye gundi kwenye mwanya, nayo itajivuta yenyewe ndani.

Chumba cha rubani hupakwa na kukamilishwa kabla mwili haujafungwa. Ndani ya Spitfire palikuwa na kijani cha kijivujivu. Halafu mabawa. Hapa ndipo mifano mingi inapovunjika heshima. Mabawa ya Spitfire yalipanda kuelekea nchani kwa nyuzi 6, na kosa dogo la upande mmoja jicho hulinasa kabla ya kosa lolote la rangi. Kata kadi ngumu yenye pembe hiyo, iegemeze chini ya kila bawa, acha usiku kucha.

Maungio yajaze puti, piga msasa wa maji namba 600 halafu 1000, kisha pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, rangi nayo itaonyesha. Mistari ya kuungana kwa mabati nayo ina mtego wake: mstari wa milimita 0.3 kwenye mfano wa 1 kwa 72 ni sawa na ufa wa zaidi ya sentimita 2 kwenye ndege halisi, ufa wa kuingiza kidole. Anayeijaza mistari hiyo wino mweusi hadi ikoze ananikumbusha ukuta wa matofali.

Kioo cha rubani kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya mwanzo nilitumia gundi ile ya kukauka papo hapo, nikafunga boksi, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi kioo kilikuwa na ukungu mweupe kwa ndani, kama dirisha la jikoni. Mvuke wa gundi ile huganda juu ya plastiki angavu, na kwa kuwa kioo kilikwisha fungwa, hapakuwa na njia ya kuufikia. Wiki tatu za kazi ya chumba cha rubani hazionekani hadi leo.

Sasa rangi, na hapa nitakaa kidogo. Tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa kipimo chetu, ni kama kuipaka ndege halisi udongo wa milimita 7. Kwa hiyo rangi iwe nyembamba kama maziwa, ipite mara kadhaa. Kipulizio cha hewa hurahisisha, shinikizo la baa moja hivi linatosha, lakini nimeona kazi za brashi zilizonitoa kofia. Anza na rangi ya msingi ya kijivu, ambayo pia itakufichulia mikwaruzo uliyodhani umeimaliza.

Baada ya msingi, tangulia na iliyo nyepesi. Sky huenda tumboni kwanza. Jina lake limewapoteza wengi wakapaka bluu ya mbingu, ilhali ni kijani hafifu chenye umanjano. Ukisikia ikiitwa Sky Type S, ile S haielezi rangi, inaeleza ulaini wa umaliziaji. Kiangazi hicho rangi yenyewe ilikuwa haba, na vituo vingine vilijichanganyia vyao, ndiyo maana matumbo ya 1940 hayafanani. Kama picha yako inaonyesha tumbo lenye giza kuliko kawaida, usilisahihishe.

Juu huja kahawia ya Dark Earth na kijani cha Dark Green. Mabaka hayakupakwa kwa kubahatisha. Kulikuwa na michoro miwili, A na B, mmoja ukiwa kama taswira ya mwingine kwenye kioo, na ndege zilipishana kiwandani. Picha yako itakuambia ni upi. Ukingo kati ya rangi mbili uwe mkali kiasi: ukingo uliofifia kwa sentimita 2.5 kwenye ndege halisi haufiki hata nusu milimita kwenye mfano wako.

Na rangi hizo usizitoe koponi zilivyo. Kumbuka zile mita 720. Kitu cha mbali hupauka kwa sababu ya hewa iliyo katikati, na jicho letu linautazama mfano kama kitu cha mbali. Mimi huongeza matone machache ya kijivu chepesi kwenye kila rangi ya juu. Wapo wenzangu wanaosema rangi ni rangi, ikipimwa ndiyo hiyo. Nawaheshimu, lakini ndege zao huonekana kama vitu vya kuchezea.

Kabla ya alama, paka vanishi ya kung'aa. Alama za maji, zile zilizochapwa kwenye utando unaolowekwa majini kisha ukabandikwa, zikilazwa juu ya rangi kavu isiyong'aa hunasa hewa kwenye vinyweleo vyake, na ukingo wa utando hutoka na mng'ao wa fedha usiofutika. Zikishakauka, vanishi ya kufifisha hurudisha sura ya kijeshi. Anayeunda ndege ya Kijerumani kama Messerschmitt Bf 109 atakuta mara nyingi alama ya mkiani ya Wanazi haipo, au imechapwa vipande viwili, kwa kuwa Ujerumani sheria inazuia kuionyesha isipokuwa kwa mambo kama elimu na historia. Kwa maoni yangu ndege ya maonyesho iwe nayo, na maelezo yawe pembeni yake.

Uchakavu ndio unaowaponza wenye vipaji. Wakishajifunza kupaka michubuko ya rangi ya fedha hawajui kuacha. Jiulize kilichopo chini ya rangi ni nini. Usukani wa mkia wa Spitfire ulivikwa kitambaa. Kitambaa hakichubuki kikaonyesha bati. Ndege ya Mosquito ilikuwa ya mbao karibu mwili mzima. Halafu jiulize nani alipita wapi. Mlango wa Spitfire uko kushoto, kwa hiyo kikanyagio cha shina la bawa la kushoto huchakaa kwanza. Tena nyingi za kiangazi kile zilikuwa na umri wa wiki, si miaka.

Kuna jambo dogo ninalolipenda kuliko yote. Matundu ya bunduki nane kwenye mabawa yalizibwa kwa vipande vyekundu vya kitambaa, visiingie uchafu na unyevu. Risasi ya kwanza huvitoboa. Kwa hiyo vitambaa vikiwa vizima, hakuna masizi chini ya bawa. Vikiwa vimechanika, masizi yapo, na ndege imerudi kutoka vitani muda huu huu. Nimeona mifano yenye vyote viwili, vitambaa vizima na masizi mazito, na hapo huuliza tena: hii ni saa ngapi?

Thina na rangi za mafuta zitumie penye dirisha wazi, na barakoa ya kuzuia mvuke, si ile ya kitambaa. Watoto wapewe akriliki za maji.

Ukimaliza, ulinde mfano na jua, vumbi, na hata vipande vyake wenyewe. Matairi ya plastiki laini yanayokuja katika baadhi ya maboksi huweza kutoa mafuta yanayoyeyusha magurudumu ya plastiki ngumu, taratibu, kwa miaka. Na ukirithi mfano wa Frog Penguin, ile mifano ya plastiki iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1936, usishangae mabawa yakijikunja: plastiki yake ilikuwa seluloziasiteti, na hiyo hupinda ikizeeka. Usiinyooshe kwa moto.

Chini ya kisimamio bandika karatasi. Andika kwa penseli, maana wino hupauka: namba ya ndege, tarehe ya picha uliyoifuata, rangi ulizotumia na jinsi ulivyozichanganya. Kisha andika ulipokisia. Kwenye yangu ya mwisho nimeandika: "Rangi ya kiti nimeikisia. Kiraka cha bawa la kulia kipo pichani, sijui kilitokana na nini."