Je, Wajua Yungiyungi Hupumuaje Ndani ya Tope?

Masika yanapokwisha Malindi, mara nyingi hubaki kona moja ya kiwanja isiyokauka upesi, na mpapai uliopandwa hapo hunyauka na kuanguka baada ya siku chache, huku yungiyungi la buluu katika dimbwi la jirani likichanua kila asubuhi. Mizizi ya yote mawili imezama. Kwa nini basi mmoja uoze na mwingine ustawi?

Kinachoua mpapai hasa ni ukosefu wa hewa. Mizizi huhitaji oksijeni, na oksijeni hupenya ndani ya maji taratibu mno, takriban mara 10,000 chini ya kasi yake hewani; ile kidogo inayofika chini humalizwa na vijidudu, ndiyo maana tope huwa jeusi na kunuka mayai viza.

Yungiyungi lina njia yake. Ukikata kikonyo chake utaona matundu mapana yanayopita kama mabomba kutoka kwenye jani hadi kwenye kiazi kilichozikwa, na vitundu vya kupumulia viko upande wa juu wa jani, ilhali mimea mingi ya nchi kavu huwa navyo zaidi upande wa chini. Mwaka 1980 mtafiti John Dacey alieleza, akichunguza jamaa ya mmea huu yenye maua ya manjano huko Marekani, jambo ninaloliona la ajabu kuliko ua lenyewe: jua linapopasha majani machanga, shinikizo hupanda ndani yake, hewa ikasukumwa hadi kwenye kiazi, kisha ikapanda tena na kutokea kwenye majani makuukuu. Jani moja liliweza kuingiza hadi lita 22 za hewa kwa siku.

Kwa hiyo mwenye kona ya namna hiyo asiifukie kwa kifusi. Achimbe dimbwi mahali penye jua, apande kiazi katika karai la udongo wa mfinyanzi, na maji yasimame kama futi moja juu ya udongo. Asikate majani yote makuukuu kwa ajili ya usafi, kwani ndiyo mlango wa kutokea hewa. Tena aweke samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Katika pwani yenye malaria, hili silioni kuwa la hiari. Dimbwi likikauka wakati wa kaskazi asiking'oe kiazi, maana hulala topeni hadi mvua irudi.