Kabla ya sanda

Kazi inayonilisha ni harusi. Mwisho wa wiki hunikuti nyumbani; nipo Fuoni au Bububu, hapa Unguja, nafuata maharusi. Ipo kazi nyengine ambayo sitozi hata shilingi: napiga picha za watoto waliozaliwa wameshafariki, au waliokaa siku moja mbili wakaondoka.

Huniuliza watu, tena kwa kunikemea: picha ya maiti ya nini? Kwa mimi, jambo lenyewe linaanzia kwa mama. Kwetu maiti hacheleweshwi. Mtoto akifariki alfajiri, adhuhuri keshazikwa. Wanaokwenda makaburini ni wanaume, na baba humbeba mwanawe mikononi. Mama yuko kitandani, pengine kapasuliwa, dawa ya usingizi haijamtoka. Akizinduka vizuri anaambiwa "Mungu atakupa mwengine", na nguo za mtoto shangazi keshazificha. Kabeba miezi tisa, na sura ya mwanawe haijui.

Picha za namna hii si ngeni duniani. Mwaka 2005, huko Colorado, Marekani, Cheryl Haggard na mumewe walimwita mpigapicha Sandy Puc' awapigie picha na mtoto wao Maddux, aliyeishi siku 6. Kina mama hao wawili baadaye wakaanzisha Now I Lay Me Down to Sleep, jumuiya ya wapigapicha wa kujitolea. Wenzetu kule huweza kukaa na mtoto siku nzima na zaidi. Mimi napata dakika ishirini, huku muoshaji kasimama mlangoni na maji yake yanapoa.

Sasa ufundi. Mtoto akifia tumboni, ngozi hulainika na ndani ya saa chache huanza kuchubuka, na midomo hupiga weusi. Kwa hivyo simsugui uso. Namgusisha pamba yenye maji, basi. Picha nazitoa nyeusi na nyeupe kwa sababu hiyohiyo: wekundu na uzambarau wa ngozi hupotea, sura inabaki. Flashi naizima, maana ngozi yenye majimaji humeta vibaya. Naomba kitanda kisogezwe dirishani. Kama ubavu mmoja umechubuka, nakwenda wa pili.

Ninazozipenda zaidi si za uso. Vidole vya mtoto havishiki tena, basi navikunja taratibu vizunguke kidole cha baba. Unyayo nauweka juu ya kanga ya bibi yake. Pete ya mama nailaza kando ya vidole vya mguu, ili hata baada ya miaka ionekane alikuwa mdogo kiasi gani.

Ruhusa naitaka kwa mama mwenyewe. Bibi akinambia, "Mwanangu, usimwoneshe, atazidi kuumia," namjibu, "Bibi, nakuomba radhi, tumuulize mwenyewe." Mama akikataa, nafunga mkoba naondoka. Zipo na familia zinazoona picha ya kiumbe haifai kisharia; kwao sileti ubishi wala sitafuti sheikh wa kuwashinda. Nachukua kidau cha wino wa muhuri na karatasi ngumu, tunapiga chapa ya unyayo. Hilo hata mkunga anaweza kulifanya bila mimi, na laiti lingefanywa kila mahali.

Simu ndizo zinazonitia hasira. Siku moja jamaa mmoja alipiga ya kwake nyuma ya mgongo wangu, na kabla ya magharibi mama yule, hana hata mtandio, alikuwa keshaonekana na ukoo mzima kwenye WhatsApp. Tangu hapo simu zote zinakaa mkobani, na mwenye kununa anune.

Nasafisha picha kumi, naziweka kwenye bahasha, nafunga kwa gundi. Sipeleki mpaka niitwe. Bahasha nyengine zimekaa kabatini kwangu mwaka wa pili huu.

Baada ya Idi alikuja mama mmoja, aliyefiwa miezi saba nyuma. Alikaa na bahasha mapajani mpaka chai ikapoa, kisha akanirejeshea.

"Hebu tazama wewe kwanza, dada. Macho kafumba?"

Nikafungua, nikatazama.

"Kafumba."

"Haya, lete."