Amekopa kwa nani?

Andika ubaoni 52 - 27 kwa wima, darasa la pili, kisha pita kimya kwenye madawati. Jibu 35 utakutana nalo mara nyingi kuliko unavyopenda. Mtoto ameona 2 juu na 7 chini, akageuza: saba toa mbili, tano, tano toa mbili, tatu. Hakubahatisha. Amefuata kanuni aliyoijenga kwa maneno yetu wenyewe, maana darasa la kwanza tulimwambia namba kubwa haitoki kwenye ndogo, naye ametii.

Nilipoanza kufundisha madarasa ya chini nilikuwa na dawa ile ile ya walimu wote: "Kopa moja kwa jirani." Siku moja mtoto mmoja mchokozi akauliza, "Mwalimu, atalipa lini?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini alikuwa na haki. Deni hulipwa, na ile tano ikishakuwa nne hairudi tena kuwa tano. Halafu hiyo "moja" tunayokopa, ikivuka tu upande wa mamoja inageuka kumi bila mtu kueleza imekuwaje. Mtoto anaona mazingaombwe, anayakariri, na likizo ikiisha ameyasahau.

Neno la kweli watoto wanalo tayari kutoka dukani: kuchenji. Noti ya elfu moja ni sarafu kumi za mia. Weka mezani noti tano na sarafu mbili (chora kwenye karatasi ngumu, ukileta hela halisi zitapungua kabla ya mapumziko), kisha mwambie mtoto akupe noti mbili na sarafu saba. Sarafu hazitoshi. Yule yule aliyegeuza 7 na 2 daftarini hapa hageuzi chochote, anakwambia, "Nichenjie." Noti tano zinabaki nne, sarafu mbili zinakuwa kumi na mbili. Hapo msimamishe, kabla hajatoa chochote, umuulize: hela imeongezeka? Imepungua? Swali hilo mimi hulirudia mpaka wananichoka, kwa sababu asiyekubali kwamba 52 na "makumi manne na mamoja kumi na mawili" ni kitu kimoja, hata akipata 25 ameipata kwa kukariri.

Baada ya noti tunahamia kwenye chelewa za ufagio, zilizokatwa na kufungwa kumi kumi kwa mpira. Mafungu matano na njiti mbili pembeni. Anafungua fungu kwa mkono wake. Kidole kikishafungua kumi mara kadhaa, penseli inajua inachofanya inapokata 5 na kuandika 4 juu yake.

Kujumlisha nako kuna ugonjwa huo huo, umegeuzwa tu. Mtoto anajumlisha 28 na 35, anaandika 513. Sarafu zimefika kumi na tatu, hakuna aliyezichenji kuwa noti.

Sehemu ya lawama ni ya majina ya namba. Mpaka 19 Kiswahili kinambeba mtoto vizuri: kumi na tatu ni kumi, na tatu, inasikika hivyo hivyo. Ikifika ishirini kinamwacha njiani. Sitini, sabini na tisini angalau zina undugu na sita, saba na tisa, kwa kuwa zote zimetoka kwenye Kiarabu. Lakini nne na tano ni za Kibantu, na makumi yake, arobaini na hamsini, ni ya Kiarabu. Mtoto atajuaje kwamba ndani ya hamsini mna tano? Kwa hiyo kwa wiki kadhaa darasa langu husema namba mara mbili: "hamsini na mbili, makumi matano na mamoja mawili." Wakaguzi huona tunapoteza muda.

Neno "kutoa" nalo lina mtego. Asha ana maembe 8, Juma ana 5. Asha amemzidi Juma kwa maembe mangapi? Mtoto anatafuta aliyetoa embe, hamwoni. Anasikia "amemzidi", anaona ni mambo ya kuongeza, anaandika 13. Hapa sitaji alama ya kutoa hata kidogo. Tunapanga vizibo vya soda mistari miwili, cha Juma chini ya cha Asha, na tunahesabu vilivyokosa mwenzi.

Na kuna kutoa kwa mwenye genge, ambaye hatoi kabisa. Umechukua nyanya za mia saba, umempa elfu: anakuwekea sarafu mkononi akihesabu, "mia nane, mia tisa, elfu." Anapanda kutoka kwenye bei mpaka kwenye hela yako. Watoto wanaotumwa genge wanaijua njia hii kabla hawajaja shule, na sisi tunawafutia.

Kwa hiyo mtoto wa 35 simwekei kosa upesi. Namwambia apande kama mwenye genge: kutoka 27 mpaka 30 ni tatu, mpaka 50 ni ishirini, mpaka 52 ni mbili. Anajumlisha vidole, anaangalia daftari, anaangalia vidole tena. Kisha anaazima kifutio kwa jirani, na hicho, kwa kweli, atakirudisha.